Mfupa Usiokuwamo Katika Daftari

Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Februari 2023, saa sita na dakika ishirini mchana, mvua ilikuwa ikinyesha juu ya Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu. Haikuwa mvua ya upepo. Ilikuwa mvua nyoofu na nzito, ile inayopiga mabati mpaka watu wawili waliokaa meza moja wasisikilizane.

Mwalimu Lucien alikuwa mezani akisahihisha madaftari ya darasa la sita kwa kalamu nyekundu. Mkewe, Monique, alikuwa mbele ya babula, jiko la makaa, akisonga bugali. Mwalimu hakuuona mwiko ukianguka. Alichosikia ni kishindo cha sufuria.

"Yesu wangu!" Monique alilia.

Sufuria ilikuwa imelala ubavu. Bugali wa moto ulikuwa umemwagika sakafuni, shubiri moja kutoka kwenye vidole vya miguu yake. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeokota ndege aliyejeruhiwa.

"Umeungua?" Lucien aliuliza.

"Hapana. Mukono imeniacha. Nimegeuza mwiko, nikasikia *tak*, nguvu yote ikaenda."

"Tena?"

"Tena. Kama kungekuwa mutoto hapa chini, saa hii tungekuwa tunasema mambo ingine."

Lucien aliinama, akaanza kukusanya bugali kwa kipande cha karatasi.

Mkono ule haukuwa mkono wa kuchezewa. Lucien alikuwa amelelewa katika shule ya bweni ya mapadri. Huko aliamshwa na kengele saa kumi na moja alfajiri, akajifunza Kilatini, hesabu, na kunyoosha mgongo. Alipoanza kufundisha alipelekwa Luhwindja, penye machimbo ya dhahabu. Alifundisha huko miaka kumi na mmoja. Mara nyingi mshahara ulichelewa, na mara nyingine haukufika kabisa. Hapo Monique aliingia kazini na wanawake wanaosaga mawe ya dhahabu. Walitwanga mawe ndani ya kinu cha chuma mpaka yawe unga. Watu wa machimbo huwaita *twangaise*, yaani kitenzi cha kutwanga kilichofungwa mkia wa Kifaransa. Mwalimu hakulipenda neno hilo. Alisema halimo katika kamusi yoyote. Lakini neno hilo lisilokuwamo katika kamusi ndilo lililolisha nyumba yake miaka yote ile, na ndilo lililomsomesha binti yao Déborah, ambaye sasa ameolewa Kamanyola.

Maumivu yalianza baada ya wao kuhamia Bukavu. Yalikaa katika kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole kidogo. Monique alishindwa kugeuza ufunguo. Akashindwa kukamua nguo. Mnamo Agosti 2022, muuguzi wa kituo cha afya alimpa dawa na atele, kifaa kigumu cha kushikilia mkono usicheze. Alimwambia apumzike. Monique aliivaa miezi mitano. Lakini katika miezi hiyo hiyo walikwenda pia Mudaka, kwa fundi wa kuunga mifupa. Fundi alisikia *tak*, akasema mfupa umetoka mahali pake. Akavuta. Walirudi kwake mara nne, na mara nne alivuta. Kila mara mkono ulipata nafuu siku mbili, kisha ukawa mlegevu kuliko mwanzo.

Siku ya Jumatatu, baada ya bugali kumwagika, Lucien alimpeleka mkewe hospitalini. Waliingia kwa Daktari Benoît, mpasuaji wa mifupa. Daktari aliushika mkono wa Monique, akabonyeza nundu ya mfupa iliyo karibu na kidole kidogo. Nundu ilizama, kisha ikapanda tena. Aliagiza picha za mifupa ya mikono yote miwili. Alizitazama kwenye mwanga, akaeleza kwa haraka, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye lango. Mwishowe aliandika karatasi.

"Maman, soma hii nyumbani bila haraka," alisema. "Ukikubali, tia sahihi. Unirudilie Alhamisi ya wiki ijayo."

Jioni, Lucien alivaa miwani, akaisoma karatasi neno kwa neno. Iliandikwa kwa Kifaransa, naye akaitafsiri kwa sauti. Kifundo cha mkono wa kulia hakikai imara. Gegedu lake limechakaa na kutoboka. Dawa iliyopendekezwa ni upasuaji: kusafisha gegedu, na *raccourcissement de l'ulna*.

"Kufupisha ulna," alisema.

Alilisoma neno hilo mara ya pili. Akainuka, akachukua kutoka juu ya kabati daftari lake la shule ya bweni. Miaka thelathini na minne ilikuwa imepita, lakini mwandiko ulikuwa bado umenyooka. Huko, kila mwanafunzi alisimama, mikono nyuma, akataja mifupa ya mkono bila kukwama: *humérus, radius, cubitus*. Mwili mzima una mifupa mia mbili na sita. Lucien alipitisha kidole kwenye ukurasa wote. Ulna haikuwamo.

Alichukua kalamu nyekundu, akalipigia neno lile mistari miwili.

"Monique, hatuendi."

"Ju ya nini?"

"Ju hii mufupa haiko. Mufupa wenye hauko mu mwili ya mutu, wataufupisha namna gani?"

Monique aliutazama mkono wake, kisha akamtazama mumewe.

"Papa Déborah, inauma ata kama haina jina."

"Mutu mwenye anakosea jina ya mufupa, atakosea na kisu."

Ilikuwa sentensi nzuri. Mwalimu mwenyewe aliipenda. Ndiyo maana aliirudia Alhamisi, mbele ya watu.

Siku hiyo ilikuwa siku ya shirika, yaani mkutano wa sala wa Wakristo wa mtaa. Walikutana kwa Maman Marie-Louise, kiongozi wao. Walipofika kwenye habari za wagonjwa, Lucien alisimama. Aliwaambia kwamba hospitalini wanaandika mifupa isiyokuwapo, na kwamba mtu mwenye akili asome kabla ya kukatwa. Watu walitikisa vichwa kukubali. Nusu ya watoto wao walikuwa wamefundishwa naye. Nyuma kabisa alikaa Fabien, mwashi. Mwaka mzima alikuwa akishindwa kushika mwiko wake wa saruji, na alikuwa na miadi na daktari huyo huyo.

"Mwalimu, basi mi pia sitaenda," Fabien alisema.

"Tumia akili yako," Lucien alimjibu, akakaa.

Jumapili alasiri jua lilitoka. Maman Djamila alipita njiani, akaona jambo la ajabu katika ua wa Mwalimu. Maman Djamila alikuwa jirani yao, mtoto wa familia ya wafanyabiashara Waislamu waliotoka Uvira. Kazi yake ilikuwa kiné: huko hospitalini huwazoeza wagonjwa mpaka viungo vyao virudi kufanya kazi. Alichokiona ni Monique ameuma ncha ya shuka kwa meno, huku akiisokota ncha nyingine kwa mkono wa kushoto, maji yakimchuruzika kifuani.

"Hodi! Maman Déborah, siku hizi unakula nguo?"

Monique aliiachia shuka, akacheka, kisha machozi yakamtoka.

"Nifanye nini, Maman Djamila? Mukono imekataa kukamua."

Alimwonyesha karatasi ya daktari. Djamila aliisoma, akaiona ile mistari miwili.

"Na huyu munganga, nani amemupa zéro?"

"Ni mimi," Lucien alisema akitoka ndani. "Ile mufupa haiko. Tulisoma mifupa ku internat ya mapadri, tukaijua yote kwa kichwa."

"Yote?"

"Yote."

"Lete mukono, Mwalimu."

Lucien alisita, kisha akaunyoosha mkono wake. Djamila alibonyeza mfupa wa upande wa kidole gumba.

"Hii ni nini?"

"Radius."

Akabonyeza ule wa upande wa kidole kidogo.

"Na hii?"

"Cubitus."

"Hiyo njo ulna."

Lucien aliutazama mkono wake kama mtu aliyesikia mtoto wake akiitwa kwa jina la kigeni.

"Waliibatiza upya," Djamila alisema. "Waganga wa dunia yote walipatana kutumia jina moja, na wakachagua la Kilatini. Bitabu bya sasa biko naandika ulna. Bya zamani, cubitus. Mufupa ni ile ile."

"Kilatini nilisoma miaka sita," Lucien alisema polepole.

"Na hamukukutana naye?"

Monique alifunika mdomo kwa kitambaa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Tena sikia, Mwalimu. Bibi yangu alikuwa naita hii muji Costermansville, jina ya wakati ya Wabelgiji, mpaka Mungu alimuita. Muji ilihama?"

"Hapana. Haikuhama."

"Basi na mufupa haikuhama."

Kwa mtu mwenye kiburi, hapo ndipo mahali pa kuudhika. Lucien alihisi hasira ikimpanda mpaka shingoni. Lakini aliiona shuka chini, na alama za meno ya mkewe juu yake. Alivuta kiti, akampa Djamila.

"Kaa, Maman. Utueleze toka mwanzo."

Djamila alikaa, akamgeukia Monique.

"Kule Luhwindja, chini ya kinu ya chuma mulikuwa naweka nini?"

"Kipande ya pneu, mupira ya gari."

"Ju ya nini?"

"Ju kinu isigonge jiwe chini. Ikigonga, inapasuka."

"Na pneu ikitoboka?"

"Kinu inacheza. Inayumba huku na huku."

"Hiyo njo mukono yako, mama yangu. Kati ya mufupa ya upande ya kidole kidogo na mifupa midogo ya kiganja, Mungu aliweka pneu. Inaitwa gegedu. Na pembeni yake kuna kano, kama kamba, zenye zinafunga ile mifupa mbili pamoja. Ulitwanga miaka kumi na moja. Kwako, ile yenye Mwalimu anaita cubitus iko murefu kidogo kuliko mwenzake. Kila pigo iligonga gegedu. Pneu imetoboka, kamba zimelegea, mufupa inacheza. Ile *tak*, njo hiyo."

"Na fundi wa Mudaka?" Monique aliuliza.

"Mufupa haikutoka mahali yake. Ilikuwa nalegea. Mutu akivuta kamba yenye kulegea, inakuwa namna gani?"

"Inalegea zaidi," Lucien alijibu badala ya mkewe. Ni yeye aliyemlipa fundi kila aliposema "rudini tena".

"Sasa wanakata mufupa muzima?" Monique aliuliza. Sauti yake ilishuka. "Ku soko wanasema watanikata mukono."

"Kukata mufupa haiko kukata mukono. Munganga ataondoa kipande ya milimetre tatu, karibu unene wa mbegu ya mahindi. Ataunganisha mufupa na bamba ya chuma na visi, misumari ya kuzungusha. Mufupa ikiwa mufupi, haigonge tena gegedu. Na zile kamba zinakazika, sawa vile unasukuma muti wa kamba ya nguo nyuma. Halafu atasafisha nyuzi zenye kuchanika."

"Kila mutu mwenye anaumwa hapa anapasuliwa?" Lucien aliuliza.

"Hapana! Wengi wanapona na atele, dawa na kupumzika. Maman Déborah alijaribu mezi tano, ikakataa. Na mi siwadanganye: kila operation iko na hatari yake. Mikrobu inaweza kuingia. Mufupa inaweza kukawia kuunga."

Monique alivuta pumzi.

"Nitatwanga tena?"

"Mawe, hapana. Ile kazi, uiage. Lakini utasonga bugali. Utafungua kufuli. Utakamua shuka bila meno."

Wote watatu walicheka. Kisha Djamila akaweka karatasi juu ya magoti ya Monique.

"Mwalimu, hii karatasi iko ya jina ya nani?"

"Ya Monique."

"Basi kalamu iende kwake."

Lucien alikuwa na kalamu moja tu mfukoni, ile nyekundu. Alimpa mkewe. Monique aliandika jina lake kwa mkono wa kulia. Mara mbili alipumzika katikati ya herufi, na hakuna aliyemsaidia.

Alipasuliwa Jumanne, tarehe 28 Februari. Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na mutuelle ya afya ya parokia, mfuko wa kuchangiana matibabu, ambao walikuwa wanachama wake. Daktari Benoît aliutia mkono ganzi, mkono peke yake. Monique alikuwa macho nyuma ya kitambaa cha kijani. Baadaye alisimulia kwamba alisikia chuma kikigongana na chuma, na hakusikia maumivu hata kidogo.

Hapo ndipo ukali wa Mwalimu ulipata kazi ya halali. Djamila alitaja masharti, naye akayaandika na kuyabandika ukutani. Mkono ukae juu ya mto, juu kuliko moyo. Vidole vikunjwe na kukunjuliwa kila saa, tangu siku ya kwanza, ili visikauke. Kidonda kisiloe maji. Mkono usibebe kitu mpaka daktari aruhusu. Tena tumbako ya pua, ambayo Monique aliizoea tangu machimboni, ikome, kwa sababu tumbako inachelewesha mfupa kuunga. Kila saa Lucien aligonga kengele ya shule.

"Vidole!"

"Papa Déborah, mi si muwanafunzi yako."

"Vidole, Madame!"

Naye alisonga bugali mwenyewe. Siku ya kwanza Monique aliumega, akatafuna, akatoa donge moja, halafu la pili.

"Hii bugali iko na mifupa mia mbili na sita," alisema. "Na ulna juu."

Katika wiki ya tatu, saa tisa alasiri, vidole vya Monique vilivimba, vikaanza kufa ganzi. Alitaka kungoja asubuhi, asimsumbue daktari. Lucien alikataa. Karatasi ya ukutani ilisema wazi: vidole vikivimba sana au kufa ganzi, homa ikipanda, usaha ukitoka, usingoje. Walishuka hospitalini saa ile ile. Bendeji ilikuwa imebana. Ilifunguliwa, ikafungwa upya, na vidole vikarudi.

"Mungengoja kesho, tungekuwa na shida kubwa," Daktari Benoît alisema.

Lucien alimshukuru akiwa amevua kofia. Hakuwa amemvulia mtu kofia tangu alipotoka shule ya bweni.

Baada ya wiki sita atele ilianza kuvuliwa kidogo kidogo. Djamila alimfundisha Monique kugeuza kiganja juu na chini, kwanza mkono mtupu, kisha akishika kijiti, kisha kikombe cha maji. Kulikuwa na siku za kulia. Kulikuwa na siku za kusema basi. Mwezi wa saba picha mpya ilionyesha mfupa umeunga. Asubuhi moja ya Agosti, Lucien alisikia maji yakimwagika uani kwa nguvu. Alichungulia. Monique alikuwa ameisokota shuka kwa mikono miwili, maji yakishuka kama bomba lililofunguliwa. Lucien alisimama mlangoni akitega sikio. Mkono haukulia *tak*.

Hakusema neno. Alikwenda akamnunua jogoo mnene, akampelekea Djamila.

"Maman, nimekuja kulipa deni."

Djamila alimpima jogoo kwa mkono.

"Huyu nitamukula, mi sikatae kuku. Lakini deni haiko kwangu, Mwalimu."

"Iko kwa nani?"

"Fabien ule mwashi. Jana nimemukuta ku njia ametoka Mudaka, wamemuvuta mara ya tano. Nikamuuliza, ju ya nini hauendi ku hopitali? Akanijibu: Mwalimu alisema ile mufupa haiko."

Miezi sita Lucien alikuwa akigonga kengele nyumbani kwake, na katika miezi hiyo sita neno lake lilikuwa likizunguka mtaani peke yake, likifanya kazi.

"Nilisema mbele ya shirika," alisema hatimaye.

"Basi unajua pahali ya kulipa."

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Agosti, saa kumi na moja jioni, walikuwa watu ishirini na watatu kwa Maman Marie-Louise. Lucien aliomba neno kabla ya sala. Alisimama mgongo umenyooka, mikono nyuma.

"Mwezi wa pili niliwaambia hapa kwamba munganga aliandika mufupa wenye hauko. Nilisema uongo. Sikujua kama ni uongo, lakini ilikuwa uongo. Ulna ni cubitus. Jina ilibadilika, na mimi sikujua. Munganga hakukosea. Mwenye alikosea ni mimi."

Mtu mmoja alikohoa. Maman Marie-Louise aliacha kupekua kitabu cha sala.

"Mukono ya huyu mama," Lucien aliendelea, akimwonyesha Monique, "ilinilisha wakati mushahara haikukuya. Kiburi yangu ilitaka kuiacha ikufe. Namushukuru Mungu, namushukuru Daktari Benoît na Maman Djamila. Na namushukuru Monique, ju aliniambia mukono inauma ata kama haina jina, na mi sikusikia."

Kisha akageuka nyuma, alikokaa Fabien. Mkono wa mwashi ulikuwa umefungwa majani ya mgomba.

"Fabien, unisamehe. Usivutwe tena. Munganga akuangalie. Pengine atele itatosha, pengine hapana. Yeye njo atasema."

Fabien aliukuna ukingo wa majani yale.

"Na mi, Mwalimu, ile mufupa iko kwangu pia?"

"Iko. Kesho saa moja asubuhi nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Saa moja ya Kikongo ao ya internat?"

Watu waliangua kicheko, na Lucien akacheka pamoja nao.

Kesho yake, saa moja kasoro dakika tano, alibisha mlango wa Fabien. Waliteremka pamoja mpaka hospitalini. Lucien alikaa naye katika mstari tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, mpaka Fabien alipoitwa jina lake na kuingia kwa daktari. Ndivyo deni lile lilivyolipwa.